Grafiki ya Mayai na Kuku wa Fabiola

We mwanaume mzima, mwenye mke, mtoto na diplome iliyowekwa kwenye fremu, unaogopa mstari kwenye karatasi? Aibu ikushike. Barua yako niliisoma nikiwa mezani, uji wangu ukapoa, na mi uji uliopoa siunywi.

Wasomaji wangu, nisameheni, nimewatangulizia hasira kabla ya swali. Kijana huyu anakaa Mutakura. Aliniomba nisimtaje jina, basi nimempa la Landry, na watu wote wa nyumbani kwake nimewabadilishia majina. Kuku nimewaacha walivyo. Someni kwanza alivyoandika, halafu nitamrudia.

*

Bibi Consolée, nakusalimu kwa heshima zote, nakuandikia nikiwa kazini na mlango nimeufunga kwa sababu mke wangu anasoma ukurasa wako kila wiki, nisaidie bibi yangu maana nyumba yangu inavunjika na kinachoivunja ni grafiki.

Mimi na mke wangu Fabiola tunakaa ua mmoja na mama yangu mzazi, mama yuko nyumba ya mbele na sisi tuko nyumba ya nyuma, kila mmoja na jiko lake, na hatukuwa na shida yoyote. Mwaka jana baada ya Noeli mama alinunua vifaranga wa mayai akawajengea kibanda, na mimi kwa vile kazi yangu ofisini ni ya kukaa kwenye mashine ya ordinateri nikamwambia, mama, tuwe tunaandika mayai yako nikuchoree grafiki, basi kuku walipoanza kutaga ikawa kila Jumamosi mama anakaa karibu yangu anataja mayai ya wiki, mimi naingiza, mstari unapanda, yeye anacheka kama msichana. Kabla ya hapo, wakati wa Pasaka, baba mkwe wangu mzee Cirimwami wa Uvira alikuja kutuona akamletea binti yake vifaranga, idadi ileile kama wale wa mama na umri uleule waliokuwa nao wa mama walipoingia, akamwambia, hii ndiyo mbegu yako, usije ukamwomba mtu chumvi. Fabiola naye akajenga kibanda upande wa pili wa ua, na mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchanganya chakula, pumba, mahindi na unga wa visamaki vya ndagala, sifa hiyo siwezi kumnyima.

Sasa bibi, kuku wa Fabiola walipofika umri wa kutaga, mimi kwa kutaka kuonyesha kwamba sibagui nikachukua hesabu yao nikaiweka kwenye grafiki ileile ya mama, tarehe moja chini, mistari miwili, wa mama mwekundu, wa mke wangu bluu. Kuku wa mama walikuwa wameanza kutaga tangu Juni wakati wa Fabiola bado ni watoto, kwa hiyo mwekundu ukapanda mpaka juu na wa bluu ukawa umelala sakafuni miezi mingi, ndiyo kwanza unainua kichwa. Mama alipoiona akaniambia niitoe kwenye karatasi kubwa, akaenda kuitia plastiki, akaitundika sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Kila mgeni anapelekwa kuiona. Mama anaweka kidole anasema, "Hii yenye kupanda ni yangu. Hii yenye kulala ni ya mukazana wangu. Hata kuku yake inapenda usingizi." Wageni wanacheka, na Fabiola yuko palepale ameshika sinia ya vikombe.

Hilo ningelivumilia, lakini mwezi ujao tunabatiza binti yetu Orlane, na mama ametangaza mbele ya watu wa jumuiya kwamba kuku wasiotaga vizuri ndio watakaopikwa siku hiyo, wote, na kwamba anayehukumu ni grafiki, si yeye. Na mzee Cirimwami anakuja na ndugu zake. Mfikirie, bibi, huyo mzee anakaa mezani kwetu anawekewa kwenye sahani kuku aliowabeba mwenyewe kutoka Uvira kwenye boksi mapajani. Fabiola hakupiga kelele, aliniambia kwa ile sauti ya chini ninayoiogopa kuliko kelele, "We ndo ulichora. Kuku za baba yangu zikiingia mu sufuria, mi na mutoto tunarudi Uvira na baba siku ileile, nguo ya ubatizo tutaivulia njiani."

Basi nikatafuta dawa. Nikakuta kwamba grafiki inaweza kuwekewa mhimili wa mlalo wa pili, yaani ule mstari wa tarehe unaokaa chini unaweza kupata mwenzake juu, chini ziwe tarehe za kuku wa mama kuanzia Noeli na juu ziwe tarehe za kuku wa Fabiola kuanzia Pasaka, ili kila kundi lihesabiwe tangu lilipoingia uani. Nilitafuta mahali pa kuuwasha huo mstari wa juu mpaka macho yakauma, kumbe mashine inauficha, haikuonyeshi mpaka kwanza uuguse mstari wa bluu useme huu nauhamishia kwenye mhimili wa pili, na ukisema hivyo inakuletea namba za wima upande wa kulia ambazo hukuziomba, na ndipo ule wa juu unakubali kutokea ukiutia alama. Nikauweka, nikahakikisha wiki za juu na za chini zina upana mmoja, mistari ikasogeleana. Lakini zile namba za kulia mashine ilikuwa imejipangia yenyewe, kushoto mayai yanafika mia na kulia yanaishia arobaini, kwa hiyo bluu ukaonekana umeuruka mwekundu na kuuacha mbali, na si kweli. Niliona, bibi, sikudanganyi. Nilikuwa tayari nimeshika kipanya nilinganishe za kulia na za kushoto, na Fabiola akaingia, akachungulia begani kwangu, akasema polepole, "Mungu wa baba yangu," akanikumbatia, na alikuwa hajanikumbatia muda mrefu. Sikurekebisha. Nikamtolea karatasi. Sasa ameiweka ndani ya Biblia yake anangoja baba yake afike aifungue mezani mbele ya mama.

Na grafiki ya kweli ninayo, niliijaribu peke yangu, namba zikilingana pande zote mistari miwili inakwenda karibu pamoja, hakuna mshindi. Nikiionyesha, mama atasema nimemshusha, na Fabiola atasema nilimdanganya. Rafiki yangu Régis ananishauri nimwache kila mmoja na karatasi yake, na siku ya ubatizo niombe ruhusa niende Gitega, kwamba nikirudi watakuwa wameshamalizana. Nifanye nini bibi, nifute zote au nisafiri?

Mtoto wako mwenye shida, Mutakura.

*

Landry mjukuu wangu,

Usije ukasema bibi huyu anajibu kitu asichokijua, kwa hiyo nikuambie kwanza nilivyofanya. Mi shule niliishia mwaka wa tatu, na ordinateri sijawahi kuigusa hata kuipangusa vumbi. Nikachukua barua yako, picha za grafiki na hesabu ya mayai ulizotuma pamoja nayo, nikaenda kwa Sylvère, mwenye sekretaria hapa Nyakabiga, anayepiga fotokopi na kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Nikaanza na picha ya ile karatasi ya Fabiola, na ingawa ulishaniandikia kwamba si kweli, macho yakanishinda. Nikasema, "Huyu mwanamke ana kuku kweli, angalia alivyompita mkwe wake." Sylvère akanigusa mkono, "Bibi, soma namba za upande wa kulia." Nikasoma. Nikakasirika mara ya pili siku hiyo, maana nilikuwa nimeshaanza kumpongeza mtu kwa kitu ambacho hakipo.

Basi akanichorea upya. Akauhamisha ule wa bluu, namba za kulia zikaja zenyewe kama mgeni asiyealikwa, ule mstari wa juu ukatokea, akalazimisha kulia kuwe mia kama kushoto. Mistari ikashuka ikakaa pamoja kama majirani wawili wanaokwenda misa moja. Akaniuliza, "Bibi, mbona ni kazi ndogo? Huyu kijana anashindwa nini?"

Nikamwambia, "Kwako ni ndogo. Kwake kuna wanawake wawili ndani ya hiyo mashine."

Akacheka, halafu akakataa hela yangu, maana naye ana mama.

Sasa sikiliza. Binti yako Orlane bado anatambaa. Mtoto wa jirani anakimbia mpaka barabarani. Ukiwasimamisha wote mlangoni ukasema haya, mbio, halafu ukamtangaza Orlane mvivu, watu watakuuliza kama umelewa. Mtu mwenye akili anamuuliza yule jirani: wa kwako alisimama akiwa na miezi mingapi? Huo ndio mstari wako wa juu. Wala hauhitaji diplome. Ulipouchora ule wa kwanza wenye tarehe moja, hilo lilikuwa kosa la mtu anayefanya haraka, na kosa la hivyo nakusamehe. La pili silisamehe. Ulikuwa na kipanya mkononi. Ulijua. Ukakumbatiwa, ukaona kukumbatiwa ni kutamu, ukauacha uongo utembee. Mkeo umempa aibu ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia, na yeye anadhani amepewa heshima. Afungue hiyo karatasi mezani, na katika ndugu wote wa Cirimwami atokee mmoja tu anayesoma namba za kulia, nani atainamisha kichwa? Si wewe. Wewe utakuwa Gitega.

Huyo Régis mwambie nimesema asimshauri mtu tena mpaka aoe.

Twende kwa mama yako. Usijidanganye kwamba hakuelewa. Mwanamke aliyelea vifaranga mpaka wakataga anajua kabisa kwamba kuku mtoto hatagi. Alijua siku ileile uliyomtolea karatasi. Sasa mbona mwanamke mwenye akili zake atundike kitu cha hivyo karibu na Moyo Mtakatifu? Nimeisoma barua yako tena polepole, na jibu uliliandika mwenyewe halafu ukalipita mbio. Kila Jumamosi mama anakaa karibu yako, anataja mayai, anacheka kama msichana. Ndivyo ulivyosema. Na Jumamosi za siku hizi anakaa wapi? Hukuandika. Mi nitakuandikia. Anakaa mlangoni kwake anachagua mawe kwenye maharage, anawasikia nyinyi wawili huko nyuma mkihesabu na kutaniana, na anangoja uje umuulize, na unakuja umechelewa, umesimama, unasema "Mama, wiki hii mangapi?" kama mtu wa kukusanya kodi. Hakuna aliyemfukuza. Kiti chake tu kimeondoka, na hata we hukuona kimeondoka lini.

Namwelewa. Lakini kumwelewa si kumruhusu. Mama Landry, kama ukurasa huu umekufikia, mi na wewe ni wa rika moja, wote tumelea na wote tuna magoti mabovu, kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka. Mukazana hachekwi akiwa ameshika sinia anawahudumia wageni wako. Huyo ndiye atakayekupikia uji siku utakapokuwa huna meno, na mikono yake inakumbuka. Halafu hilo la ubatizo. Hapa kwetu mtu aliyekupa ng'ombe akija kukutembelea unampeleka kwenye zizi umwonyeshe ndama, na siku moja unamrudishia ndama wa kwake. Unajua hivyo, ulilelewa hivyo. Sasa mzee amevuka mpaka na boksi la vifaranga mapajani, na we unataka kumwekea mfupa wao kwenye sahani? Watu wa Uvira watakwenda kutusemaje sisi? Mpeleke kibandani. Mwonyeshe mayai. Mwambie, mi ndiye niliyemfundisha binti yako kuwalisha. Sifa hiyo ni yako kweli, na ni kubwa kuliko hiyo plastiki uliyoitundika, maana bila mkono wako huo mstari wa bluu usingeinuka hata kidogo. Ukichinja kuku wake unachinja kazi yako.

Fabiola, nawe usitabasamu hapo ulipo. Uliona mstari mzuri ukaukumbatia bila kuuliza umetoka wapi. Mwanamke anayeuza mayai hawezi kufanya hivyo. Sokoni mtu akikupa zaidi ya uliyouza, unashtuka, unauliza. Kuku wako si wa kwanza. Kuku wako ni sawa na wa mkwe wako, na kuwa sawa na mwanamke aliyekufundisha si jambo dogo. Tena huko kutishia Uvira kila mkigombana, kuache. Siku utakapokuwa na sababu ya kweli ya kuondoka, hakuna atakayekuamini.

Na we Landry, uliniandikia umefunga mlango, na mkeo anasoma ukurasa huu kila wiki. Ulidhani mwanamke hatawatambua kuku wake kwa sababu nimemwita Fabiola? Mpaka unasoma hapa ameshamaliza. Basi hilo limekwisha, hukuwa na moyo wa kumwambia, nimemwambia mi. Utamwomba msamaha, na hatakupa leo, wala usimharakishe. Hiyo karatasi usiende kuichukua kwenye Biblia yake. Ataitoa mwenyewe.

Usifute kitu na usisafiri. Jumamosi weka viti viwili, mmoja akae kulia kwako na mwingine kushoto, na mashine ikiwa bado tupu. Usiwaletee karatasi iliyokwisha kuchorwa, maana za hivyo wameshapewa mbili na zote zimewatia wazimu. Kila mmoja ataje mayai yake kwa mdomo wake. Wakuone ukiuhamisha wa bluu, wakuone ukiuwasha mstari wa juu, wakuone kwa macho yao ukilazimisha namba za kulia zilingane na za kushoto, na mama yako akiuliza kwa nini, mweleze, na Fabiola akiuliza kwa nini, mweleze tena bila kuchoka. Kisha andika kwa herufi kubwa: chini, kuku wa Mama tangu Noeli, juu, kuku wa Fabiola tangu Pasaka. Herufi kubwa nasema, maana mgeni asiyejua atadanganyika kama nilivyodanganyika mi kwa Sylvère. Wakitaka kuitundika, waitundike. Wasipotaka, vizuri zaidi, sebule si ofisi.

Na Jumamosi ya baada ya hiyo, na nyingine, utakaa na mama yako peke yake mpaka chai imalizike, uwe na grafiki usiwe nayo.

Lakini hiyo ni Jumamosi, na mama yako leo yuko nyumbani. Ile ruhusa uliyotaka kuiombea Gitega iombe sasa hivi. Usipite kwako. Nenda moja kwa moja jikoni kwa mama, kaa chini, mwambie una njaa, ule alichopika hata kama ni maharage ya jana, na usiongee la kuku ukiwa unatafuna. Ukimaliza, nawa mikono, mwangalie usoni, umwambie kwa mdomo wako, si kwa karatasi, kwamba kuku wa Fabiola hawachinjwi na wageni wa Uvira watapikiwa mbuzi. Akikutukana, kaa. Akilia, kaa. Usiinuke hapo mpaka mmekubaliana mbuzi huyo mnakwenda kumchagua wote wawili siku gani.